Mgomo Ulioanza kwa Shikamoo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Alizeti mmeshamaliza kuvuna? Mimi huku bwenini Dodoma ni mzima kabisa, hata sketi imeanza kunibana.

Nina habari, mama, ila soma mpaka mwisho kabla hujamwita mjomba.

Watu wa filamu walikuja shuleni kuomba wanafunzi wa kuigiza mgomo wa chuo. Najua neno mgomo hulipendi tangu mjomba Salumu arudishwe nyumbani kutoka chuoni. Lakini huu ni wa kuigiza, na mwalimu wetu wa fasihi alikuwepo muda wote.

Walitugawia mawe ya sponji, mepesi kuliko maandazi ya bibi, wakachoma tairi ili kupata moshi. Mwongozaji akasema, "Mkuu wa chuo akitoka tu, muwake! Nataka hasira!"

Kamera zikawashwa. Mlango ukafunguliwa, akatoka mzee wa mvi na miwani. Sote tukajikuta tunasema, "Shikamoo mwalimu!"

"Marahaba wanangu," akaitikia, naye kasahau kwamba anaigiza.

"Kata! Waandamanaji gani nyie? Mmeona filamu gani watu wanaamkia halafu wanarusha mawe?"

Tukarudia, tukaamkia tena. Mara ya tatu rafiki yangu Neema alijiziba mdomo, shikamoo ikamtokea puani. Mwongozaji akasema tukikosea tena atatafuta wengine. Niliumia, mama, maana nilikuwa nimeipenda kazi ile kuliko nilivyotegemea.

Nikanyoosha mkono kama niko darasani. "Samahani, kaka. Mjomba wangu aligoma kweli. Anasema hawakurusha kitu. Walikaa kwenye nyasi, mkuu akatoka, wakamwamkia."

"Halafu wakasemaje?"

"Wakasema, umetuitikia, basi tusikilize."

Mwongozaji hakucheka. Akanisimamisha mbele niseme vilevile. Nilipomaliza, yule mzee akavua miwani, akakaa kwenye ngazi kutusikiliza. Hakuna aliyesema kata. Kule kwa mjomba, mkuu wa chuo hakukaa, najua. Kwenye filamu yetu amekaa.

Sasa wanataka niendelee na sehemu hiyo likizo, mradi mzazi aridhie. Msichana ninayemwigiza hafukuzwi chuo, mama. Nimeshauliza.

Nisalimie bibi, asinune kuhusu maandazi, na dada Mwanaidi na kichanga chake. Mjomba mwambie maneno yake yamepata watu wa kuyasikia.

Jumamosi matroni ataturuhusu kupiga simu nyumbani. Nitaanza na shikamoo. Ukishaitikia, mama, itabidi unisikilize.

Binti yako,
Zuhura