Yakobo Hakushuka Misri

Hopkins, Minnesota, 9 Novemba 2024

Papa mpendwa,

Bwana asifiwe. Mimi mzima, ila baridi ya huku itanimaliza. Wewe je, miguu? Dada Vestine anakupikia vizuri?

Papa, nimepata njia. Wewe ulinyimwa viza ya huku, na mimi mkimbizi siwezi kukanyaga Bukavu. Tukutane Misri! Tuone piramidi, tukae juma zima. Kila siku kazini naogesha wazee wa watu kule Plymouth. Nataka nikuogeshe wewe, hata mara moja.

Mtoto wako, Eliezer

Bukavu, 1 Desemba 2024

Eliezer mwanangu,

Salamu nyingi katika Bwana. Miguu ni ya mzee, lakini kanisani inafika. Nimecheka hadi Vestine akaja mbio! Kumbe mimi ndiye Yakobo, nashuka Misri kumwona Yusufu wangu kabla sijafa. Basi tuma magari ya Farao, ila ngamia sipandi. Paspoti nimeshaomba, na suti yangu ya harusi iko kwa fundi.

Papa yako

Bukavu, 20 Machi 2025

Mwanangu,

Tupo, kwa neema tu. Vita vimeingia mjini. Ofisi ya paspoti imefungwa, ndege haziruki, na kifua kinanibana. Yakobo hatashuka. Usinililie. Tiketi yako usiirudishe. Nenda ukaone, unisimulie.

Papa yako

Giza, Misri, 6 Aprili 2025

Papa,

Nakusalimu sana. Kifua kinaendeleaje?

Mji huu unaitwa Giza, na jua lake linavyounguza! Lakini kwangu jina limefaa. Nimeingia ndani ya piramidi kubwa nimeinama, jasho linanitoka, nikapanda mpaka chumba cha juu. Unajua kuna nini? Jeneza la jiwe, tupu. Farao mwenyewe hayumo! Wengine walikuja wawili wawili. Mlinzi akaniuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Nimeumia, Papa. Niandikie, hata mstari mmoja.

Mtoto wako, Eliezer

Hopkins, 15 Juni 2025

Papa,

Leo sijui nikusalimu vipi. Vestine amenipigia: kifua kimekushinda, na jana wamekuzika na suti ile. Barua yangu ya Giza, niliyotuma kwa simu yake, hakupata kukusomea, mtandao ulikuwa umekatwa.

Yakobo alipokufa, Yusufu alimwomba Farao ruhusa, akaenda kumzika baba yake, akarudi. Mimi sina hata wa kumwomba.

Mtoto wako, Eliezer