Siku Uliyonitua Mtoni

Karakana ya Kamba,
Voi.
Mwezi wa tano.

Kwa dada yangu mpendwa Mueni,

Nakusalimu kwa moyo wote, na kupitia kwako nawasalimu wote wa hapo nyumbani Mwingi. Kifua cha mama kimepoa, au bado anakohoa akipuliza moto? Na mvua iliwafikia? Huku ilinyesha siku mbili tu, kisha ikaenda zake milimani kwa wenyewe. Mimi ni mzima. Gongo la kushoto nimelitia mpira mpya wa tairi. Shati jeupe ulilonitumia siku hizi ni jekundu, maana vumbi la Voi halimwachi mtu na chake.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa na aibu, na aibu hiyo ndiyo nataka kukuandikia.

Unajua kwamba hapa tuko vijana tisa pamoja na mimi mkubwa wao, wote walemavu, kila mtu na lake: huyu mguu, huyu mkono, huyu macho. Kusokota kamba ya mkonge ni kazi ya wengi. Mmoja anazungusha gurudumu, watatu wanashika nyuzi na kurudi nyuma polepole, na mmoja anakaa katikati, mkono juu ya kamba, akisema kaza, legeza, simama. Huyo tunamwita msemaji, na wote wanamtii. Kwa miaka saba msemaji nilikuwa mimi. Wageni wakija, msemaji mimi. Kijana akiwa na shida kwa chifu, namwendea mimi. Nilidhani nawainua.

Yuko msichana mmoja, Wakesho, wa Mghange huko juu milimani. Haoni tangu alipougua surua utotoni. Vidole vyake vinaijua kamba kuliko macho yangu, nami nilikuwa nikiwaambia wenzake kwamba nikiondoka, yeye ndiye atakayeshika nafasi yangu. Nilisema tu. Nafasi yenyewe sikumwachia hata asubuhi moja.

Mwezi uliopita baba yake alishuka kuja kumwona. Ni mzee mpole, alikuja na mkungu wa ndizi na koti zito la baridi ya kwao, na hakulivua ingawa jua letu lilikuwa linamchoma. Tuliketi naye. Akamuuliza bintiye anakula nini, nikajibu mimi. Akamuuliza kazi gani anafanya, nikaeleza mimi, tena kwa ufasaha. Akamuuliza kama anataka kubaki, na kabla Wakesho hajafungua mdomo nikasema anapenda sana hapa.

Mzee akanigeukia.

"Fundi," akasema, "mimi nimetoka Mghange kusikia mtoto wangu. Tangu nikae hapa nasikia wewe tu. Kama ni kusemewa, hata nyumbani ana mama yake."

Akasema kesho atarudi naye. Sanduku la bati la Wakesho akalifunga palepale, kwa kamba yetu wenyewe. Wakesho alikaa kimya, na nilijua kimya hicho nimemfundisha mimi.

Asubuhi nilimwomba mzee asubiri tumalize kamba moja tu. Nikamketisha Wakesho kwenye kiti changu, nikawaambia vijana msemaji leo ni yeye, nikachukua magongo yangu nikatoka. Nilijijua: nikibaki ndani nitasema. Nikaenda hadi kwenye bomba la maji uani, nikasimama nikiwapa mgongo.

Dada, kusikia ni adhabu. Nilisikia gurudumu likienda mbio mno, nikasikia kamba ikijikunja fundo. Mwadime, kijana wetu wa mkono mmoja anayezungusha, akacheka. Wakesho hakusema neno. Nilishika bomba kwa mikono miwili. Nikasema moyoni, amekwisha, na mimi ndiye niliyemmaliza.

Kisha nikamsikia: "Fungueni. Yote, mpaka mwanzo."

Mwadime akamwambia, "Wewe huoni, utajuaje imeharibika wapi?"

"Kuja ushike hapa," akasema. "Haya, niambie."

Nikasikia hatua za Mwadime, halafu akasema, "Kweli, ni hapa." Wakaanza upya. Kaza. Legeza. Sauti yake mwanzoni ilitetemeka, baadaye ikaacha. Nilirudi ndani niliposikia "simama" ya mwisho, na kamba ilikuwa imelala sakafuni, imenyooka.

Mzee hakunisemesha. Alimuuliza bintiye kama anataka kubaki, na safari hii mimi niliuma ulimi. Wakesho akamwambia anataka, lakini kwa kazi hii, si kwa kukaa pembeni. Mzee akalifungua sanduku mwenyewe, akaikunja ile kamba iliyolifunga, akaitia mfukoni mwa koti. Alimuaga Wakesho, akawaaga vijana, mimi akanipa mkono mwisho. Sikuona vibaya. Tangu siku hiyo msemaji ni Wakesho, nami nazungusha gurudumu, na ananikemea nikizidisha mwendo.

Nisalimie mama, umwambie apunguze moshi. Nisalimie shemeji yangu mzee Kilonzo, na mwanao Ndunge aliyepewa jina la bibi, nasikia ameanza shule.

Neno la mwisho ni lako peke yako. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini mimi nilikuwa mzigo wako mwenyewe, miaka miwili mgongoni kwenda shule. Kisha siku ile ukanitua kwenye mchanga wa mto, ukaniwekea ubavuni magongo mapya aliyochonga baba, ukaenda mbele. Nilianguka mara tatu. Nilikutukana. Hukugeuka. Nilikuchukia kwa hilo, dada, na sikuwahi kukuambia, hata nilipokuwa mtu mzima.

Pale kwenye bomba ndipo nilipojua. Zile mara tatu zote ulizisikia.

Mimi mdogo wako uliyemtua,
Musyoka