Tairi Nene za Mzee Salumu

Ijumaa, jioni. Mvua ya juzi imekauka, matope yamekuwa mabonge, na mie roho yangu imetulia kama mtu aliyekula akashiba.

Shule sikwenda. Naisemea simu, mjukuu wangu Zuhura anayaandika na kuyaweka huku mtandaoni, na nimemkataza kunisahihisha.

Mume wangu Salumu aliteleza juu ya paa akipigilia bati, akaumia mgongo, miguu ikafa. Mikono anayo. Kiti cha magurudumu alichopewa hospitali ni kizuri, sikikashifu. Lakini kimetengenezwa kwa sakafu. Vigurudumu vya mbele vidogo kama kifuniko cha birika, vigumu, havina hata upepo. Na huku kwetu Mbagala ndani ndani, njia ina mashimo ambayo kuku anaweza kuatamia.

Mwezi uliopita, akitoka msikitini, kigurudumu kikaingia shimoni. Kiti kikasimama, Salumu hakusimama. Akaenda na uso, mbele za watu, na kanzu yake nyeupe.

Hakulia. Afadhali angelia.

Tangu siku ile hakutoka tena. Kichwa kinauma, anasema, na Ijumaa ndiyo kinauma zaidi. Watoto wanamwogopa. Imamu alikuja, akaongea kwa upole, akaenda zake. Mie nilifoka mpaka sauti ikakauka, akageukia ukuta.

Ndipo nikamkumbuka Maganga, fundi baiskeli wa pale kona. Yeye Mnyamwezi, sie Wazaramo. Ni watani zetu, na mtani haombi ruhusa. Akaingia mpaka chumbani bila hodi.

"We Mzaramo, bado hujafa? Nimekuja na njaa yangu, nikijua nitakuta pilau la msiba!"

Salumu akageuka. "Toka hapa, mpagazi! Babu zako walibeba mizigo mpaka shingo zikazama. Wewe umekuja kubeba nini?"

"Kiti."

Akakinyanyua, akakiweka kichwani, akatoka nacho. Kitu alichochukua mtani hukasirikii, ndiyo mila. Nikamsikia mume wangu anacheka. Nikajifanya natafuta kitu uvunguni, machozi yasionekane.

Kwa Maganga tuligombana vizuri. Mie nilitaka magurudumu ya baiskeli zile ndefu za wauza mkaa, inchi ishirini na nane. Nilidhani ukubwa ndio dawa. Akayafunga, tukasukuma. Mashimo yanavuka, kweli, ila ni membamba, yakakata mchanga kama kisu kwenye muhogo uliochemka. Na kiti kikawa juu, Salumu angehitaji ngazi.

Basi tukashuka. Nyuma tukaweka inchi ishirini na nne, urefu wa mwanzo, lakini tairi pana, zile zenye meno. Na upepo zisijazwe mpaka ziwe jiwe, ziachwe zibonyee kidogo zikikanyaga kokoto, mgongo wa mtu usipigwe. Mbele, vile vidogo viwili tukavikata. Maganga akachomelea gurudumu moja tu la baiskeli ya mtoto, inchi kumi na mbili, likatangulia kule mbele ya miguu. Gurudumu dogo linadondoka ndani ya shimo, lililo kubwa kidogo linapanda ng'ambo. Na likitangulia mbele, kiti hakimwagi mtu.

Kosa langu ni moja, mlango sikuupima.

Jana kiti kimeletwa, kikagoma mlango wa chumbani, tairi zimetuna huku na huku. Maganga alicheka mpaka akakaa chini. "Wazaramo jamani! Mnanunua ng'ombe, zizi la mbuzi!" Tairi sikurudisha. Nimeng'oa fremu. Sasa tunalala na pazia, wajukuu wajifunze kupiga hodi.

Leo adhuhuri Salumu kavaa kanzu. Nikataka kumsukuma, akanipiga kikofi mkononi. Nikabaki barazani, pindo la khanga mdomoni.

Alipofika kwenye shimo lile, akapunguza. Gurudumu la mbele likazama kidogo, likapanda. Za nyuma zikafuata, zikabonyea, zikapita.

Hakugeuka kuniangalia. Nilimpenda hapo kuliko siku aliyonioa.

Swala imekwisha zamani, na ya alasiri nayo imepita. Hajarudi. Nasikia yuko kwenye kahawa, anamtukana Maganga mbele ya umati, na Maganga anamjibu. Wali unapoa. Siku zote ningekuwa nimeshatuma mtu akamwite.

Wacha upoe.

Seremala nimwite aje na fremu pana, au niache pazia langu? Kukikucha nitajua. Usiku huu nina mume mwenye vumbi la barabarani kwenye kanzu, na kanzu hiyo nitaifua mwenyewe.