Miwani ya Shangazi

Shoga, upo?

Dada na shangazi wamepigana. KUPIGANA, si kurushiana maneno!

Unajua dada akishasali asubuhi ndipo anameza vidonge vya ule ugonjwa wake wa huzuni. Leo shangazi kavimwaga vyote chooni, akavuta maji. Eti, "Ukivimeza unamwambia Mungu ameshindwa."

Ameshindwa!

Dada alimkaba koo, akambamiza mlangoni mpaka bawaba ikang'oka. Shangazi akamng'ata mkono, damu ikachuruzika hadi kwenye sinki. Mimi kujitia kuamua, nikala kofi, la nani sijui mpaka sasa.

Halafu dada akamvua shangazi miwani, akaiweka sakafuni, akaikanyaga kwa kisigino. Vioo vikawa unga. Akasema taratibu, "Haya, na wewe ona kwa imani."

ONA KWA IMANI, shoga!

Sasa hivi wametoka. Shangazi haoni hata kizingiti, kwa hiyo dada kamshika kwa mkono ule ule uliong'atwa. "Kwanza duka la dawa," kamwambia, "miwani baadaye."

Wamepita hapa dirishani. Shangazi anaomba kwa sauti wafike salama, na dada, kafura kwa hasira, anaitikia amina.