Kitufe Kisicho na Jina

Nukta mwenzangu,

Salamu kwako, na kwa mama yako pia, ambaye najua atakuuliza ni nani aliyeandika kabla hujamaliza sentensi ya kwanza. Mwambie ni Chiriku, yule wa kitanda cha pili tangu enzi za bweni, na kwamba bado sijajifunza kunyamaza. Magoti yake yanaendeleaje? Na wewe unalala? Unakula? Usinijibu kwamba hujambo. Mtu aliyefukuzwa kazi akisema hajambo, anawaambia majirani. Mimi mwili hauna neno. Moyo ndio umeumuka kama unga uliotiwa hamira nyingi, na ndiyo sababu naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu nitakuchekesha, utacheka, kisha nitakata kabla ya kusema lililonifanya nipige. Unanijua.

Ulinituma kazi moja. Ulisema kwenye ujumbe wako wa sauti kwamba kesi yako na shirika la maji inasikilizwa Alhamisi hii kwenye baraza la usuluhishi wa kazi, na kwamba utetezi wao wote ni karatasi moja: cheti kinachosema mfumo mpya wa kompyuta ulijaribiwa na mfanyakazi asiyeona, akaukuta hauna tatizo lolote. Ukaniomba mimi niliye makao makuu nichunguze ni kipofu gani huyo mwenzetu aliyetuuza. Nimechunguza. Nimempata. Lakini nivumilie kidogo, kwa maana nataka kwanza ujue nilivyofikishwa kwenye hasira, usije ukadhani nimefika kwake nikiwa nimepoa.

Mfumo wa zamani unaukumbuka. Wanaoona walisema una sura ya risiti, lakini Mpayukaji wangu, ndivyo ninavyoiita ile programu ya kunisomea skrini, aliusoma wote bila kukwama. Simu ya mteja inaingia, nabonyeza, jina, nabonyeza, mtaa, nabonyeza, shida yake ni nini, bomba limepasuka au mita imekwama. Dakika mbili tu, kazi imeshafika kwa mafundi wa mabomba, na mimi namuuliza mteja kama ana lingine.

Wiki sita zilizopita wakaniwekea huu mpya. Wewe ulianza kuteseka nao mapema kuliko mimi, na sababu yake nitakueleza. Asubuhi ya kwanza nikavaa hedifoni, nikafungua, Mpayukaji akasema: kitufe. Nikasogea. Kitufe. Nikasogea tena. Kitufe kisicho na jina. Vitufe thelathini na saba, Nukta, nimevihesabu kwa kidole, na hata kimoja hakikupewa jina. Mbuzi wa jirani ana jina. Anayeona anakuta kapicha: hiki cha kupokea simu, hiki cha kutuma fundi, hiki cha kufuta. Mimi naambiwa kitufe, nichague kwa imani.

Mteja wangu wa kwanza siku hiyo alikuwa mama mmoja ambaye bomba lilimpasukia nyuma ya sinki. Nikamwomba asubiri kidogo. Akaniuliza asubiri nini, nimpelekee fundi au nimpelekee mtumbwi, maana maji yameshafika miguu ya friji. Nikabonyeza nikitumaini. Simu ikakatika. Akapiga tena; nikabonyeza kingine, malalamiko yake yakafutika yote. Alipopiga mara ya tatu hakuwa na habari tena na bomba. Alitaka jina langu kamili, na la baba yangu, na la yeyote aliyenipa kazi.

Basi nikaomba msaada, kama mtu mstaarabu. Kuomba msaada nako kuna ukurasa wake. Unaeleza shida yako, unajaza idara yako, halafu mwisho kabisa unatakiwa uthibitishe kwamba wewe ni binadamu, kwa kuandika herufi unazoziona kwenye picha. Nilikaa mbele ya swali hilo nikiwa nimeshika shavu. Miaka arobaini na moja nimekuwa binadamu bila mtu kunidai ushahidi. Ikabidi jirani yangu wa meza, yule dada anayetafuna karanga kutwa nzima, aje anithibitishie. Alisema kwa upande wake hana uhakika, lakini ataandika tu.

Fundi wa kwanza alinipigia, mwenye sauti ya mtu aliyeacha chungu jikoni. Akaniuliza naona nini kwenye skrini. Nikamwambia sioni kitu. Akasema basi huo ni waya, nichomoe nichomeke tena. Nikamweleza kwamba waya ni mzima, macho ndiyo mabovu, na hayo hayachomoki. Akasema pole sana, kisha akaniambia nibonyeze kile cha kijani pale juu.

Wa pili akaniomba nimtumie picha ya skrini ili alione tatizo. Nikamwambia tatizo langu halipigwi picha, linasikilizwa. Akisikiliza dakika moja tu atalijua. Akasema utaratibu ni picha. Nikatuma. Akajibu eti ameikagua, kila kitu kinaonekana vizuri sana. Ombi langu likafungwa kwa neno moja: limetatuliwa.

Wa tatu alikuja mwenyewe, na nikafurahi, mjinga mimi. Alisimama karibu yangu akauliza kama kuna mtu hapa anayeona, azungumze naye. Kana kwamba nimezimia na yeye anawatafuta ndugu wa mgonjwa. Jirani yangu akamwambia mwenye mashine ndiye huyo aliyekaa mbele yako, ana mdomo, na ukimchokoza utajuta. Fundi akabonyeza hiki na kile, akaondoka zake, akasema ameondoa ile kelele iliyokuwa inaichelewesha mashine. Kelele, Nukta! Alimfuta Mpayukaji. Siku mbili nzima nilikaa mbele ya kompyuta bubu, simu zinaita, na mimi natabasamu kama bibi harusi. Ukifungua kumbukumbu zao, siku hiyo nayo imeandikwa: limetatuliwa.

Nilipokwenda kwa msimamizi wetu, akanipigapiga bega. Eti teknolojia ni mazoea. Eti nisijitenge, kwani wasioona wenzangu walishaupitisha mfumo huu, cheti kipo. Mkono wake ulikuwa bado begani mwangu alipoitaja hiyo karatasi, na nilitamani angeutoa.

Hapo ndipo nikaanza kuyafikiria yako vizuri. Zile barua tatu za onyo walizokutumia kwa barua pepe, zote zilikuwa karatasi zilizopigwa picha. Programu yako ikakusomea neno moja tu: picha. Ukadhani ni zile kadi zao za kututakia mwisho mwema wa wiki, zenye maua tunayoambiwa ni mazuri. Ukazifuta. Kisha wakakutoa kazini kwa kuchelewesha wateja na kwa kupuuza maonyo matatu ya maandishi. Mtu anafungiwa mlango, anaonywa kwa ishara za mikono kutoka upande wa pili, halafu anaadhibiwa kwa ukaidi! Na ukiuliza, wanakuonyesha cheti: mbona kipofu mwenzako aliingia?

Sasa nimefika kwa mtu wako.

Ni mimi.

Tafadhali usiifunge barua. Ukitaka, tembea chumbani kwanza, nitangoja, kisha endelea.

Mwaka jana meneja wa mradi aliniita chumba cha mikutano, kile chenye zulia, ambamo fimbo yangu ilikuwa haijawahi kuingia. Nikapewa kiti kinachozunguka. Nikaletewa chai, ikakorogwa na mtu mwingine. Akaniita mtaalamu. Nukta, miaka kumi na nne nimetukanwa na watu wenye mabomba mabovu, hakuna aliyewahi kunitukana kwa neno tamu kiasi hicho. Kulikuwa na kompyuta mezani yenye ukurasa mmoja wa mfumo mpya, na ukurasa huo ulisomeka kama wimbo, kila kitufe na jina lake. Niliujaribu kwa muda usiotosha kupoza ile chai. Nilipouliza kurasa nyingine, akasema ni hizohizo tu.

Akatoa fomu, ambayo leo wanaiita cheti. Akanisomea mistari kama mitano, akasema iliyobaki ni lugha ya wanasheria, itanichosha bure. Nilisikia karatasi zikigeuzwa mara tatu. Karatasi hazigeuzwi mara tatu kwa mistari mitano. Masikio yangu yalijua, na yakaniambia, nami nikayanyamazisha kwa sababu yalikuwa yanataka kuniharibia siku. Akaniwekea rula chini ya mstari, nikasaini.

Ningeishia hapo ungeweza kusema nilidanganywa, na mimi ningekubali haraka sana. Lakini lipo la pili, na hilo silitetei. Kama shukrani, meneja aliahidi kwamba mashine yangu itaachiwa mfumo wa zamani hadi mwisho kabisa. Wewe ukatupwa kwenye vitufe kule tawini, mimi nikabaki nikistarehe miezi mitano. Uliponipigia ukilia kwamba mfumo hausomeki, nilijua saa ileile. Nilijua kabla hujamaliza kusema. Nami nikakujibu kwamba ujitahidi, ni mazoea tu. Msimamizi hakuyatunga maneno yale, Nukta. Mimi nilishayatumia kwako kabla yake. Kwani ningekubali kwamba hausomeki, ningelazimika kukumbuka nani alishika kalamu.

Kwa hiyo hasira uliyoisoma hapo juu ni ya kweli, na wale mafundi wamestahili kila tone. Ila nilikuwa nawamwagia wao kwa sababu wao walikuwa karibu, na kwa sababu haikuwa lazima nijigeuze ili niwapate.

Juzi nilikwenda kwa meneja nikamwomba nakala ya fomu. Akasema ni siri ya ofisi. Nikamuuliza ni siri gani hiyo yenye jina langu chini yake, akafungua droo, akanipa. Jirani yangu akanisomea wakati wa chakula cha mchana, kurasa zote nne. Ukurasa wa tatu unasema nilijaribu kurasa mia moja na kumi na mbili za mfumo, kwa muda wa wiki mbili. Unaendelea kusema kwamba ugumu wowote atakaoupata mfanyakazi asiyeona baada ya hapo uhesabiwe kuwa ni upungufu wake mwenyewe. Jirani aliacha kutafuna. Nilimwomba arudie sentensi hiyo, akairudia, na mara ya pili sauti yake ilikuwa imebadilika.

Nimeandika maelezo yangu yote, chai na rula na karatasi zilizogeuzwa, na miezi mitano niliyokaa kimya. Nimeyaapia mbele ya wakili, na jana nimeyapeleka barazani kwa mkono wangu pamoja na nakala ya fomu. Nimeomba niwe shahidi wako. Karani akaniuliza kama naelewa kwamba ushahidi huu unanichafua mimi kuliko shirika. Nikamwambia naelewa, agonge tu muhuri.

Meneja ameshapata habari. Alinipigia kwa upole ambao sijawahi kuusikia hata siku ya chai, eti nifikirie nafasi yangu, maana mtu anayekiri kuthibitisha asichokijaribu amekiri uongo kazini. Hapo amesema kweli. Nilimwambia naomba aliandike hilo nalo, kwani itabidi aeleze pia nani alimwandalia mwongo huyo ukurasa mmoja wa kujaribu. Akakata simu. Kazi nadhani itaondoka, kama si wiki hii basi ijayo. Nimeanza kubeba vitu vyangu nyumbani kidogokidogo, kikombe jana, sweta leo.

Sikuombi msamaha kwa barua, kwani ungekuwa mzigo mwingine nakutwika na wewe una kesi. Nakuomba tu umwarifu wakili wako, asije akashtuka. Alhamisi saa tatu asubuhi nitakuwa kwenye benchi la nje ya chumba cha baraza. Fimbo yako nitaitambua tangu kwenye ngazi. Ukinipita bila salamu, ni haki yako, na sitakuita. Wakiniita ndani nitaingia vilevile, na niliyokuandikia hapa nitayasema mbele yako na mbele yao, kwa jina langu kamili.

Mpe mama salamu zangu za heshima. Atataka kujua Chiriku kasema nini. Msomee yote, na pale nilipo mbaya usiparuke.

Ni mimi niliyesaini,

Chiriku