Mama Amesikia Redioni

Marlys, acha unachofanya unisome. Mama ameshajua. Amejua kwa sauti yangu mwenyewe, redioni.

Si unajua ile redio yangu na kaka Dwight, vile vimitambo vidogo vya kurushia matangazo visivyohitaji leseni. Kimoja hakivuki mitaa miwili, ndiyo maana tukaviunganisha vitatu: kanisani, duka la mbegu na hapa kwangu. Kwa Mama, ng'ambo ya daraja, hatukuwahi kusikika. Leo Dwight alipanda juu ya ghala la ngano jirani na kwa Mama kufunga cha nne.

Nilikuwa nimeweka muziki, Dwight akapiga simu kusema kimewaka. Nilidhani nimezima maikrofoni. Shoga, sikuizima.

Akauliza, "Na daktari kasemaje?"

Nikamjibu, "Kasema Mama hataiona Krismasi. Tusimwambie."

Hataiona. Nimelitamka hivyo hivyo, mji mzima ukisikia.

Dakika mbili hazikupita, Mama akapiga. Kumbe alikaa jikoni na redio yake tangu asubuhi, pai iko kwenye oveni, anasubiri tumfikie.

"Mwanangu, leo mnasikika vizuri sana."

Yeye hakulia. Hakuniuliza hata neno moja la daktari.

Akaendelea, "Dwight bado yuko juu ya ghala, namwona dirishani. Mpigie umwambie ashuke taratibu. Analia yule, hataona ngazi."