Kona ya Saba ya Mlima Donnelly

Jumamosi, 5 Oktoba 2013
Imefika! Gari ya michezo, MGB ya kijani, ya mwaka sitini na tisa, pacha wa ile tuliyoiuza binti zetu walipozaliwa. Viti viwili, watoto wawili — hesabu ilikataa. Miaka ishirini na sita ya gari la familia linalonuka maziwa! Sasa wamehama wote. Nimezunguka mji mzima wa Ballarat paa wazi, mvua inanyesha. Kwa mwendo wangu hakuna tone lililonipata. Imekuja na daftari lake la kibali: kila siku ya kuendesha, andika kwanza tarehe na jina la dereva, ndipo uwashe. Ndiyo sheria ya magari ya kale. Nimeandika: Neville Tranter. Mwandiko mkubwa.

Jumapili, 6 Oktoba
Nyama za kuchoma uani. Nimewasimulia jamaa tena mwaka themanini na nne, nilivyoupanda Mlima Donnelly mbio kwa ile MGB ya kwanza nikaleta kombe lililo juu ya friji. Mpwa wangu Darcy kanikatiza:
"Mjomba, Pasaka ulisema sekunde sitini, leo hamsini na nane. Krismasi utafika juu kabla hujaondoka."
Wamecheka hao! Noelene, mke wangu, alikuwa anageuza soseji tu.

Jumatano, 9 Oktoba
Lindsay, katibu wa klabu, kapiga simu. Mashindano ya Donnelly yanarudi tarehe ishirini, na jina langu keshaliandika. Nikamwambia nitaupanda hata kwa mkono mmoja. Nilipoweka simu chini, nikakimbilia chooni. Baridi.

Alhamisi, 17 Oktoba
Nimemkuta Noelene kakaa kwenye usukani, gari limezimwa. Kafumba macho, anabadilisha gia kimyakimya. Nywele kazifunga nyuma kama zamani. Nikasimama tu pale mlangoni.
"Kona ya saba usiiamini, Nev," kasema. "Utadhani imekwisha, kumbe ndiyo inaanza."
Basi niandike, hapa hakuna msomaji. Siku ile ya kombe mimi nilikuwa chooni, tumbo limenigeuka kwa woga. Yeye ndiye aliyevaa ovaroli langu na helmeti yangu akapanda. Aliposhuka akanivalisha, nikapokea kombe. Miaka ishirini na tisa hajasema neno, hata tukigombana. Nami nimesimulia mpaka nikaanza kuikumbuka ile kona!

Jumapili, 20 Oktoba
Donnelly. Gari tumelivuta kwa trela ya Darcy. Harufu ya petroli na vitunguu vya kukaanga, ile ile. Tumo kwenye foleni, Noelene kushoto, ovaroli lake la bustani miguuni, helmeti yangu mapajani, ananishikia. Mbele yetu magari matatu. Darcy kasimama kwenye uzio na kombe — kalibeba kutoka nyumbani, mwendawazimu yule!

Tumbo limeanza.

Nimefungua daftari la kibali. Tarehe nimeandika. Kwenye dereva nimekwama. Mdomo wangu umesema mengi, lakini hapa panatakiwa jina moja tu.

Magari mawili.

Nimempa Noelene daftari na kalamu. Nimemwambia aandike lake, na safari hii avae ovaroli lake mwenyewe. Kaifungua kalamu, kisha kaniuliza:

"Na Darcy utamwambia nini?"

Gari moja. Mimi naandika hapa kwa penseli. Kalamu bado anayo yeye.